Fangasi wa ukeni: dawa sahihi kabla ya unga wa kuondoa sumu

Kandida, fangasi wanaoleta tatizo hili, huishi mwilini bila shida, mpaka bakteria walinzi wauawe. Ndiyo maana kununua amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kwa kila mafua ni kosa: mafua ni virusi, dawa hiyo haiyagusi, ila fangasi inawafungulia mlango.

Dalili ni muwasho na ute mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Ukinuka shombo la samaki, huenda ni bakteria, na dawa ya fangasi haitasaidia, kapime. Kwa fangasi, klotrimazoli ya kuingiza ukeni, miligramu 100, hutumika kila usiku kwa siku 6 au 7. Wengi huacha siku ya tatu muwasho ukitulia, kisha unarudi. Flukonazoli ya kumeza ni miligramu 150 mara moja tu. Mjamzito asiimeze, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kwanza.

Unga wa kuondoa sumu mwilini unaouzwa Kariakoo kama tiba ya fangasi? Okoa hela yako. Kujiosha ndani kwa sabuni au siki huzidisha tatizo. Mwenye kisukari adhibiti sukari, maana ikipanda fangasi hustawi. Kwa asiye na kisukari, kuacha chapati na soda pekee hakutibu. Joto la Februari linataka chupi ya pamba, ibadilishwe ikilowa jasho.

Fangasi wakirudi mara 4 kwa mwaka, pima sukari na VVU.