Kumbukumbu ya mradi wangu: kuitambua saa aliyoiacha babu

Juma la kwanza

Saa hii ya mkono, Constellation ya kampuni ya Omega ya Uswisi, ilinifikia ikiwa imefungwa ndani ya leso, pamoja na maelezo mawili ambayo jamaa zangu wote huyarudia: kwamba ni ya dhahabu tupu, na kwamba babu aliinunua ikiwa mpya kabla mama hajazaliwa, yaani kabla ya mwaka 1966. Hapakuwa na risiti, cheti wala kisanduku chake. Nilijiwekea sharti kwamba sitaandika humu jambo lolote mpaka nilione kwenye saa yenyewe, kwa kuwa masimulizi ya familia, hata yakisimuliwa kwa mapenzi, hayashiki nafasi ya chapa iliyopigwa kiwandani.

Nilianza na uso. Ni bapa katikati, kisha unateremka kuelekea ukingoni kwa vipande 12 vilivyokatwa kwa unadhifu, umbo ambalo wakusanyaji hulipenda mno. Juu ya alama ya saa kumi na mbili, pale akrabu ndogo inapoelekea chini, imebandikwa nyota. Jina Constellation lilianza kutumika kwa saa za aina hii mwaka 1952, kwa hiyo huo ndio ukawa mpaka wangu wa kwanza. Kioo ni cha plastiki, na nilipokiinamisha kwenye mwanga nikitazama kwa lenzi ya kukuzia, niliona katikati yake alama ya Omega, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Nilifurahi sana, maana vioo vilivyobadilishwa kwa vya kawaida huwa havina alama hiyo.

Juma la pili

Nililiacha suala la dhahabu kwa siku kadhaa, labda kwa sababu nilikwisha kuhisi jibu lake. Nchini Uswisi, mpaka mwaka 1995, saa za dhahabu ya karati 18 zilipigwa muhuri wa kichwa cha mwanamke, Helvetia, aliye mfano wa nchi hiyo, na zile za karati 14 zilipigwa muhuri wa kindi. Nilitafuta mihuri hiyo kwenye miguu inayoshika mkanda na kwenye kifuniko cha nyuma, lakini sikuona hata mmoja. Nilichokiona ni kwamba ncha za miguu miwili zimelika kwa kusuguliwa na mikono ya shati kwa miaka mingi, na pale zilipolika pametokeza rangi ya kijivu. Kifuniko chenyewe ni cha chuma kisichoshika kutu, kikiwa na picha ya kituo cha kutazamia nyota chini ya nyota nane. Jamaa zangu walikuwa wakieleza kwamba kifuniko cha dhahabu kilipotea kikawekwa hiki, ila picha hiyo ndiyo nembo ya Constellation. Saa hii, basi, ni ya chuma kilichovikwa ganda la dhahabu, ambalo ni nene kuliko dhahabu ya kuchovya, lakini si dhahabu tupu. Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado inatembea.

Juma la tatu

Sikutaka kuifungua mwenyewe, kwa kuwa kifuniko kinachofunguliwa kwa kifaa kisichokuwa chake huchunika, na mchubuko hauondoki. Niliipeleka kwa fundi saa, akanikubalia niketi kando yake. Hii ndiyo siku iliyonipa mengi kuliko siku nyingine zote za mradi huu. Mashine ina ile rangi ya shaba nyekundu inayozitambulisha Omega za zama hizo, na juu yake imechongwa namba ya aina yake, 561, idadi ya mawe 24, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano, na maneno yanayoeleza kwamba imerekebishwa katika mikao mitano na kwa mabadiliko ya joto. Pembeni ya gurudumu linalopigapiga kuna springi iliyopinda kama shingo ya bata maji, ambayo fundi huitumia kupunguza au kuongeza mwendo kwa kiasi kidogo sana. Ndani ya kifuniko imepigwa namba ya modeli, 168.005, inayokubaliana na mashine hiyo. Namba ya mfululizo inaanzia milioni 20, na kwa kawaida namba hizo huhesabiwa kuwa za miaka ya 1963 na 1964 hivi. Dai la pili la familia limesimama.

Fundi alinionyesha pia mikwaruzo minne midogo ndani ya kifuniko, alama ambazo mafundi huziweka kila wanapoisafisha saa. Wa mwisho unasomeka 88. Kwangu mikwaruzo hiyo ina uzito kuliko muhuri wowote wa dhahabu, kwa kuwa inaonyesha mtu aliyeitunza saa yake.

Juma la tano

Kasoro niliyoithibitisha ni moja: kirungu cha kutilia ufunguo ni cha duara, ilhali cha asili kilikuwa na pande kumi. Nitakitafuta cha asili bila haraka. Nimekataa uso upakwe rangi upya, ingawa una madoa karibu na alama ya saa tatu, kwa sababu uso uliopakwa upya hupoteza maandishi yake ya kiwandani. Saa imebaki kwa fundi ili isafishwe na kutiwa mafuta, na nimemwomba aongeze mkwaruzo wake chini ya ile minne atakapomaliza.