Bi Mkubwa, mirunda na ile kona ya kushoto

Mufindi mwezi wa saba ukitoka nje saa kumi na moja alfajiri unashindwa kujua kama huo ni ukungu au ni mvua imegoma kudondoka. Siku hiyo ilikuwa ya mashindano ya farasi kuruka viunzi, na Babu alikuwa keshafika bandani, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, anampiga brashi Bi Mkubwa huku anamsema kwa Kihehe maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umechelewa, mwenzio keshakula."

Sikuchelewa, ila kwa Babu ukikuta kakutangulia basi umechelewa, na hajazaliwa wa kumtangulia.

Kwa msiomjua, Bi Mkubwa ni farasi jike wa kahawia mwenye alama nyeupe usoni, si wangu, ni wa mama mmoja mwenye shamba huku juu ambaye mwenyewe kaacha kupanda sababu ya magoti, kwa hiyo mi nampanda wikiendi na sikukuu, nachangia pumba na dawa ya kupe, siku zingine niko Mafinga napiga hesabu za mbao za watu. Na kabla hujauliza, ndiyo, Tanzania kuna farasi, na hapana, sio mchezo wa wazungu peke yao, marehemu baba alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mashamba ya chai na mi nimekaa mgongoni kwa farasi kabla sijajua baiskeli. Nyanda za juu zinawafaa hawa wanyama kuliko watu wanavyodhani. Baridi hii inayotutesa sisi mbung'o haiwezi, na wale usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi, ule mbaya kabisa, wanapungua sana kiangazi. Wakati wa mvua hata kama amechanjwa unamwingiza bandani kabla jua halijazama maana usubi wanauma jioni na usiku, na huo ugonjwa ukimpata unaweza kumzika ndani ya siku chache. Alafu udongo wetu mwekundu ukilowa hata mtu na buti zake anateleza, sembuse mnyama wa karibu kilo mia tano anayetua na mguu mmoja wa mbele kwanza. Ndo maana tunashindana miezi hii, tunatetemeka lakini chini pakavu.

Shamba la mashindano ni jirani, hatukuhitaji Fuso. Nikampanda taratibu kwenye barabara ya vumbi katikati ya chai, Babu nyuma kwenye bodaboda kakumbatia ndoo, brashi, na koti langu jeusi la mitumba ambalo nalivaa dakika ya mwisho tu ili lisinuke farasi, japo linanuka tu. Tulipofika dogo wa boda akagoma kuondoka. Akamwangalia Bi Mkubwa juu chini, akaniuliza, "Braza, huyu anaruka mpaka wapi?" Nikamwonesha chini kidogo ya kiuno, leo sentimita 90. Uso ukamshuka, nadhani alitegemea ukuta wa nyumba. Nikamwambia rekodi ya dunia ni mita 2.47, aliiweka mwanajeshi wa Chile anaitwa Alberto Larraguibel na farasi wake Huaso mwaka 1949 na mpaka leo hakuna aliyeivunja. Hapo ndo akazima pikipiki akakaa.

Sasa nisemee hiyo 90, kwa sababu watu wengi waliokuja kuangalia, na walikuja wengi, wafanyakazi wa chai na watoto wao, wanapiga makofi farasi akiwa hewani. Hewani hakuna kazi. Farasi mzima mwenye afya 90 anairuka akiwa anawaza majani. Kazi yote ipo chini, kwenye zile mita za katikati kutoka kiunzi kimoja mpaka kingine, hapo ndo unashinda au unaharibu, na ukishafika kwenye mti, yaani ile nguzo ya kulala ya kiunzi, mambo yameshaamuliwa zamani.

Ndo maana kuna kile kipindi cha kukagua uwanja kwa miguu kabla hamjaanza. Ramani inabandikwa, wapandaji wote mnaingia na buti zenu mnahesabu hatua, na kwa mtu asiyejua mnaonekana vichaa kweli. Hesabu yenyewe ni hivi, hatua nne za mtu mzima, ndefu za karibu mita, ni hatua moja ya farasi akiwa kwenye kanta, yaani mbio za wastani. Unatoa hatua zako mbili za kutulia baada ya kuruka na mbili za kujiandaa kuruka tena, kinachobaki unagawa kwa nne. Kati ya kiunzi cha nne na cha tano nikapata 24, toa nne zinabaki 20, maana yake farasi apige tano. Shida Bi Mkubwa ana hatua fupi, akisinzia anaweza kuingiza sita na akiingiza sita anafika kwenye mti ameubana kifuani.

Babu alikuwa ananifuata na fimbo yake, hajaangalia ramani hata mara moja. Kahesabu kimoyomoyo mpaka mwisho wa mstari akasimama.

"Tano," akasema. "Sita ni usingizi."

Vilikuwa viunzi tisa, mita 350, mwendo wa mita 350 kwa dakika, kwa hiyo una sekunde 60, kila sekunde ukizidisha pointi moja ya kosa. Ukiangusha mti pointi 4, farasi akikataa 4, akikataa tena mnatoka, ukidondoka unatoka. Farasi akiugonga mti ukapiga kelele na kubaki pale pale huna kosa, na hapa ndo uzuri wa mashindano ya kwetu unapoonekana, miti yenyewe ni mirunda ya milingoti, tupo kwenye nchi ya mbao tutumie nini kingine, wameikausha wameipiga randa wakapaka rangi, na mrunda hata ukikauka bado ni mzito, haudondoki kwa kupuliziwa. Vile vikombe vya chuma vinavyoshika mti navyo ni vifupi makusudi, ukigongwa sawasawa uondoke, usimtege farasi miguu.

Rangi walizochagua mwaka huu nimezipenda, bluu na nyeupe, na njano kidogo. Zamani tulikuwa tunapaka nyekundu kila kitu kwa sababu ndo rangi iliyobaki kwenye kopo, wakati farasi nyekundu haioni kama tunavyoiona sisi, kwake nyekundu na kijani cha majani vinakaribiana mno. Na macho yake yapo pembeni, mbele kabisa ya paji la uso kuna sehemu haoni, kwa hiyo akishafika karibu kabisa kile kiunzi kinapotea machoni na anaruka kwa kukumbuka alichokiona hatua chache nyuma. Fikiria hilo alafu uniambie tena mpandaji amekaa tu.

Kitu kilichoniumiza kichwa kwenye ramani ni namba sita. Unatua baada ya namba tano, unakata kona kushoto, kali, alafu unakutana na oksa, kile kiunzi chenye mti wa mbele na mti wa nyuma, farasi anatakiwa aruke juu na mbele kwa wakati mmoja. Bi Mkubwa kushoto hataki. Kulia anageuka vizuri tu, kushoto anakaza shingo, bega linatoka nje, anakwenda anakotaka yeye, na amekuwa hivyo tangu nimjue, daktari wa mifugo kamwangalia, meno yamechongwa, tandiko limebadilishwa, hana ugonjwa wowote. Ni msimamo tu.

Kupasha moto nisikuchoshe, ni kuzunguka, mchakamchaka, kanta, kuruka vitu vidogo na kujaribu kutogongana na wenzako. Nilichokiona pale ni binti mmoja, sidhani kama kamaliza la saba, na poni wake, farasi wa aina ndogo, wa kijivu mwenye singa zimesimama mpaka shingo inaonekana fupi, miguu inakwenda mbio mbio chini, anageuka popote anapoambiwa. Nikamwambia Babu yule atatusumbua. Babu akasema "Mh", ambayo kwake ni hotuba.

Kengele ikalia. Ikilia una sekunde 45 za kupita mstari wa kuanzia, watu wengi wanakurupuka hapo wakati muda upo wa kutosha, unaweza hata kupumua. Bendera nyekundu iwe kulia, nyeupe kushoto, twende. Kiunzi cha kwanza kapita anaangalia watoto waliokaa kwenye tuta, cha pili na cha tatu safi, cha nne katua nikakaza miguu na kuanza kuhesabu kwa sauti, nahesabu kwa sauti siku zote na sioni aibu, moja mbili tatu, kwenye tatu sikio lake la kushoto likarudi nyuma kunisikiliza, nne tano na kaondoka palepale nilipopataka, aisee raha ya kitu hicho sijui nikueleze vipi, unakuwa hujafanya kitu na kila kitu kimefanyika.

Kona ya kushoto nikaichukua pana. Nilikuwa na sekunde za kupoteza kwa hiyo nikamzungusha mpaka karibu na kamba ya watazamaji, nikamnyoosha ndo nikamwonesha oksa, akapita. Dabo, yaani viunzi viwili vilivyoachana hatua nane za mtu ili farasi apige moja tu katikati, cha pili akakigonga kwa kwato za nyuma, nikasikia ule mrunda unacheza kwenye kikombe chake, nikasikia watu "aaaah", sikugeuka, ukigeuka uzito wako unahama na unamvuruga kwa kinachofuata. Haukudondoka. Namba tisa, mstari, sekunde 58. Sifuri.

Babu akampokea, akampapasa miguu yote minne kuanzia gotini kwenda chini kabla hata hajaniangalia mimi. Alafu akanipa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki.

Tuliomaliza sifuri tulikuwa wanne, kwa hiyo raundi ya kuamua, viunzi sita, makosa kwanza alafu saa. Binti na poni wake wakaingia wa kwanza. Baada ya namba tano kulikuwa na njia mbili, kuzunguka nje kama nilivyofanya mwanzo, au kupita ndani, kati ya kiunzi namba tatu ambacho sasa hakitumiki na meza ya mwamuzi, kona kali ya kushoto yenye hatua tatu tu mpaka kwenye oksa. Yule mtoto akapita ndani bila hata kufikiria. Karatasi za mwamuzi zikaruka. Sifuri, na saa ambayo wote watatu tuliobaki tulitazamana. Na msiseme poni ni mdogo, Olimpiki ya Mexico 1968 Marion Coakes wa Uingereza alichukua fedha akiwa na poni, Stroller, mbele ya farasi wakubwa waliomzidi kila kitu.

Wa pili akazunguka nje, sifuri, lakini taratibu. Sasa mimi hapo hesabu ilikuwa rahisi, nikizunguka nje vizuri napata nafasi ya pili, nikitaka ya kwanza ni ndani. Nikamwangalia Babu kwenye geti. Akanyoosha kidole ndani. Mzee wa sabini na kitu huyo, ndo anayeniambia kila siku nisimkimbize farasi.

Tukapita ndani. Bi Mkubwa aliponisikia nataka kushoto akakaza shingo kama kawaida yake, bega likatoka, nikafungua mkono wa kushoto nikambana na mguu wa kulia na kwa sekunde moja hivi nilidhani tunakwenda kunywa chai na mwamuzi, alafu akakubali, kwa hasira, akageuka. Ila ule ubishi ulishatula hatua nusu. Tukafika kwenye oksa karibu mno, akajinyanyua wima kwa nguvu za nyuma, mti wa mbele akaupita, wa nyuma akaushusha na kwato. Safari hii mrunda ukatua chini na mlio ambao hauna ubishi. Pointi 4. Wa mwisho baada yetu akaangusha miwili, kwa hiyo tukawa wa tatu, utepe wa njano na pakiti mbili za chai. Chai. Mufindi. Wampe mtu wa Mufindi chai.

Dogo wa boda alikuwa na hoja zake. "Braza sa mbona hukuzunguka, si ungekuwa wa pili?" Nikamwambia ndiyo, ningekuwa wa pili, na ningerudi ofisini nimekaa wiki nzima nawaza ile njia ya ndani. Akasema yeye angezunguka. Babu akamwambia ndo maana anaendesha pikipiki.

Jumatatu asubuhi Babu kapiga simu, miguu ya Bi Mkubwa imepoa, hakuna uvimbe, kala majani yote na amemng'ata ndama wa jirani. Anataka tuanze zoezi la kushoto wiki hii hii, duara ndogo, kila siku, kabla hajasahau kwamba alishakubali mara moja. Nimemwambia sawa Babu, ila nisubiri mpaka Jumamosi, sa hivi hata ngazi za ofisini nashuka kinyumenyume.