Raleigh ya babu yenye miguu minne mbele

Kwetu kila mtu anajua babu alikuwa na Raleigh, baiskeli ya Kiingereza. Baba mdogo anasema Raleigh, shangazi anasema Raleigh, na majirani wa Kirua wanaomkumbuka akishuka nayo Himo siku za soko wanasema "ile Raleigh ya mzee". Niliirithi bila kugombana na mtu, maana hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, ile ya kupakia madirisha, matairi yameoza, na kiti kimebaki springi tupu.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu hapa Moshi mjini. Mtu akiniambia "hiki tulikinunua kwa fulani", mkono wangu unajinyoosha wenyewe kuomba risiti. Kwa hiyo kabla sijaipeleka kwa fundi nilitaka kujua: nani anasema ni Raleigh, zaidi ya ukoo wetu?

Pale mbele chini ya usukani, panapokaa nembo, kuna matundu mawili madogo tu. Nembo ilishang'oka, na kila mjukuu niliyemuuliza anamtaja mwenzake.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe. Nyuma ya bomba la kiti kulikuwa na nambari imegongwa kwenye chuma. Nikaona rangi inaizuia, nikashika msasa. Nilipopuliza vumbi zilikuwa zimebaki tarakimu mbili, nyingine nimezilamba zote. Tangu siku hiyo natumia mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, halafu nasugua chaki ya shule juu ya chuma na kuifuta kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na herufi zinajitokeza nyeupe. Taratibu, lakini haifuti kitu.

Haabu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, ndiyo ilikuwa ya kwanza kusema. Chini ya grisi iliyoganda kama ugali wa jana niliona STURMEY-ARCHER, kisha AW, kisha 56 na 11. AW ni haabu ya gia tatu iliyoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1936. Hizo tarakimu ni mwaka na mwezi, na hapa hakuna kukisia ipi ni ipi kwa sababu hakuna mwezi wa 56. Novemba 1956, basi. Gia ya chini inapunguza mzigo hadi robo tatu ya ile ya kati. Kwa mtu mwenye kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, juu mlimani na shamba la mahindi bondeni naielewa hesabu hiyo, ingawa baba mdogo anasema kupanda babu alikuwa anaisukuma tu, gia au bila gia.

Nikampigia baba mdogo kwa furaha.

"Hiyo haiwezekani, mama. Mimi nimezaliwa 53, nimeikuta."

Nilitaka kubishana, halafu nikaiangalia ringi. Ringi ya nyuma ina muhuri wa India. Ina matundu 40 ya spoku na ya mbele ina 32, mgawanyo wa Kiingereza ambao Wahindi na Wachina waliuiga, kwa hiyo kuhesabu spoku hakunisaidii. Ila muhuri unaonyesha gurudumu hili lilishawahi kufumuliwa na kufumwa upya. Aliyelifuma angeweza kutia haabu yoyote aliyokuwa nayo. Tarehe ya haabu ni ya haabu, siyo ya baiskeli. Nikampigia tena baba mdogo kuomba radhi.

Sproketi kubwa ya mbele haikuhitaji hata chaki, kwani imetobolewa herufi B, S, A. Hao ni Birmingham Small Arms, kiwanda kilichoanza na bunduki, na kwenye vyuma vyao vingine utaona bunduki tatu zimeegemezana. Sproketi ya Raleigh ningeijua kwa vichwa vya korongo, ndege wa nembo yao. Pedeli ni Phoenix ya Shanghai, zile zile zilizojaa kila duka la spea. Kwenye kiti, bati la nyuma lina jina la Brooks, watengenezaji wa viti vya ngozi, na ngozi haipo. Babu aliizungushia mikanda ya tyubu, na mimi mtoto wa miaka sita niliamini baiskeli zote hukaliwa juu ya tyubu.

Basi nikaipeleka kwa fundi wangu wa Pasua, mzee asiyependa maneno, abadilishe vikombe vya ekseli ya kati, vile vinavyobeba gololi. Nilishanunua vipya karibu na soko la Mbuyuni. Akakishika kimoja, akakizungusha mara moja, mara mbili, kikagoma. Akakitoa, akakipaka mafuta, akajaribu tena. Kikagoma palepale.

"Usilazimishe, mzee," nikasema.

Akaniangalia kama mtu aliyeelekezwa jikoni kwake. Kisha akachukua kikombe cha zamani na kipya, akavilaza uzi kwa uzi, meno ya hiki ndani ya meno ya kile, akavielekeza kwenye jua. Mwanzoni meno yalikaa pamoja, yakafika mbele yakaanza kupishana, mwanga ukapita katikati.

"Hii uzi wake mwembamba. Kwa inchi moja ina meno 26. Hiki chako kina 24. Hiyo 26 ni ya kina Raleigh."

Nusura nimkumbatie. Uzi wa 24 ndio uliotumiwa na karibu viwanda vyote vya Kiingereza. Raleigh, kiwanda cha Nottingham, waling'ang'ania wao wa 26. Nati ya juu ya usukani ikakataa ya dukani vilevile. Frem na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kumbe ni za nyumba moja.

Nikasema kwa sauti, basi kweli ni Raleigh. Mzee akagonga foku kwa spana.

"Raleigh gani ina miguu minne?"

Miaka yote naiona na sijawahi kuiona. Foku ya baiskeli ina miguu miwili, mmoja kila upande wa tairi. Ya babu kila upande ina mabomba mawili membamba yaliyosimama sambamba. Hiyo ni alama ya Humber. Thomas Humber alianza kuunda baiskeli huko huko upande wa Nottingham karne ya 19, na mwaka 1932 Raleigh wakalinunua jina hilo la baiskeli. Baada ya hapo Humber zilitoka kwa Raleigh, zikabaki na foku yao.

Kwa hiyo ni Humber, iliyovalishwa sproketi ya BSA, ringi ya India na pedeli za Uchina kadiri vitu vilivyopatikana na kahawa ilivyolipa. Nimempigia baba mdogo mara ya tatu, nikamweleza kila kitu, hadi mwaka 1932. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo imetengenezwa na Raleigh."

"Ndiyo, baba, lakini..."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Fundi alivisafisha vikombe vya zamani, akaweka gololi mpya 22 za robo inchi, ekseli inazunguka bila kelele. Vile vipya dukani walikataa kuvipokea. Kimoja nimemwachia fundi, kingine kiko mezani kwangu kazini, kinazuia risiti zisipeperuke.