Hela chini ya mafiga

Mwaka ule niliokuwa London kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikisoma filamu, habari na historia, kazi yetu kubwa ya mwisho ilikuwa moja tu: tafuta filamu iliyopotea, isiyojulikana nakala yake iko wapi, uifufue kwa namna yako. Wenzangu walikimbilia filamu za kimya za Ulaya na Marekani. Mimi nikaangukia kitabu cha mwaka 1937, kipo rafu ya chini kabisa maktabani, kinachosimulia jaribio la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Makao makuu ya jaribio lenyewe: Vugiri.

Vugiri ya Korogwe! Nimezaliwa Tanga, nimesoma Tanga, milima ile naiona kila nikipita Korogwe kwenye basi, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kule juu palikuwa na watu wakitengeneza filamu kabla bibi yangu hajazaliwa. Ilibidi nipande ndege niende kuambiwa na kitabu cha Waingereza.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walipata fedha kutoka shirika la Carnegie la Marekani, wakatengeneza filamu fupi 35 za milimita 16. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, nayo ikapigwa sambamba na picha, kwa hiyo picha zilezile ziliweza kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Vyombo vikapakiwa kwenye lori, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walionyesha mambo ya safura, kodi, kahawa, malaria ya watoto wachanga. Katika zile 35, zilizobaki kwenye hifadhi ya filamu ya Uingereza ni tatu. Ya safura ni mojawapo.

Iliyonishika mimi haimo kwenye hizo tatu. Ilihusu benki ya akiba ya Posta. Vibarua wawili wa shambani wanalipwa mshahara. Mmoja anapeleka hela zake Posta. Mwingine anazifukia ardhini, mwizi anamwona, anakuja kuzifukua. Basi. Mwerevu kaweka, mjinga kafukia. Na ukishajua kwamba Notcutt kabla ya sinema alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na kwamba aliona sinema shambani ingesaidia vibarua waridhike na kutulia, hadithi nzima inaanza kunuka jasho la mkonge. Nilijua siku ileile kwamba hiyo nakwenda kuipigia nyumbani.

Likizo ilipofika nikaazima kamera ya chuo, nikasaini karatasi nyingi kuliko za viza, nikarudi Tanga. Mjomba wangu anaishi kwenye kambi ya zamani ya shamba la mkonge, njia ya Muheza, ukishapita Pongwe. Nyumba zenyewe ni zile za mistari, chumba kimoja kimoja, zilizojengewa manamba. Shamba nusu limekuwa pori, nusu linalimwa mahindi, ila watu hawakuondoka. Wangekwenda wapi? Waliozaliwa pale hawana kwingine.

Mjomba ndiye aliyekusanya wachezaji, na kwa kazi hiyo alijipa cheo cha udairekta hata kabla sijafika. Mwizi tulimpata kirahisi: kijana wa bodaboda aliyenitoa barabara kuu, mwembamba, ana macho ya kuchungulia. Mwerevu wa Posta akawa mjomba mwenyewe, hakutaka kusikia vingine. Mjinga wa kufukia hela akapewa babu jirani, mzee wa miaka themanini na ushei, Muha aliyekuja Tanga angali kijana kukata mkonge, akaoa Mbondei, na Kigoma akawa haendi tena. Amekaa Tanga mpaka anaita watu "mgosi" kuliko Wasambaa wenyewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mgosi. Nimeambiwa nakuwa mjinga kwenye picha yako."

"Ndivyo kitabu kinavyosema, babu."

"Haya. Tutaona."

Kina mama walikuja na vigoda vyao kutazama. Mmoja akauliza kama kuna kuimba, maana yeye picha isiyo na kuimba haihesabu. Mjomba akaanza kuwasimulia Majestic ya mjini, enzi za filamu za Kihindi za Jumapili, foleni mpaka barabarani, watu wanatoka ndani macho mekundu kwa kulia, na wimbo wameshaukariri bila kujua maana ya neno hata moja. Ilinichukua muda kuwarudisha kwenye Posta.

Tukapiga kwanza kama kitabu kilivyoeleza. Mshahara: mjomba na babu wamepanga mstari mbele ya meza, karani ni mpwa wangu mwenye shati la shule. Vizuri. Mjomba anakwenda Posta: anatembea kwa majivuno kuelekea kwenye mwembe, tutasema Posta ipo upande huo. Vizuri. Kisha tukaingia chumbani kwa babu, nikamwomba achimbe shimo chini ya kitanda, aweke kopo, mwizi achungulie dirishani.

Babu alishika jembe, akainama, akainuka.

"Hapa sichimbi."

Nikadhani ni mgongo. Nikasema tutachimba sisi, yeye ajifanye tu.

"Si mgongo. Nani anafukia hela chini ya kitanda? Mwizi akiingia anaanzia wapi? Kitandani. Watu wataniona kwenye picha wataniambia, wewe mzee, miaka yote ile umekaa kambini hukujifunza kuficha?"

"Ulikuwa unaficha wapi, babu?"

Alinitazama kama vile ameulizwa namba ya siri. Halafu, pengine kwa kuwa hela zenyewe zilishakwisha miaka mingi, akatuongoza nje mpaka jikoni, banda la nyuma, akaelekeza jembe kwenye mafiga.

"Unang'oa figa moja, hili la upande wa ukuta. Unachimba kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kopo ndani, udongo, unashindilia, figa juu, majivu. Asubuhi moto unawaka. Nani atajua pamechimbwa? Na nani atachimba moto?"

Kamera ilikuwa inarekodi. Mjomba akaashiria nizime, tunapoteza betri, na mimi nikajifanya sioni. Kitabu cha London kina maelezo ya mashine, ya santuri, ya gharama, ya lori lilivyosafiri. Figa la upande wa ukuta halimo.

Nikamuuliza kwa nini hakupeleka Posta. Hapo akaketi kabisa, juu ya kinu kilicholala.

"Kipande unakijua?"

Nilikijua kwa kusoma: kadi ya siku 30 za kazi, hazijajaa hujalipwa. Yeye alikijua kwa mkono, akanionyesha kidole gumba kinavyohesabu siku kwenye kadi ambayo haipo. Kwenda mjini Posta ni kutwa. Kutwa hiyo haiandikwi kwenye kipande. Ukifika, kuna foleni, kuna karani anayetaka jina kama lilivyo kwenye kitabu cha akiba, na jina lako shambani waliliandika walivyosikia wao. Ukitaka kuzitoa, kutwa nyingine. "Sasa mtoto anaumwa usiku," akasema, "nimwambie homa ingoje Posta ifunguliwe?"

Mjomba, mwerevu wetu, akajaribu kutetea upande wake. Kwamba Posta haiibiwi. Babu akamjibu kwamba yeye mjomba hajawahi kukata hata jani moja la mkonge, alikuwa dereva, anyamaze. Watu wakacheka. Ni kweli alikuwa dereva.

Tukawa tumekubaliana: tunapiga upya, safari hii kwa mafiga. Tatizo likawa hela. Noti za leo zingeharibu picha, na babu akasema isitoshe noti haifukiwi, mchwa wanaila. Hapo ndipo mkewe, bibi, ambaye muda wote alikuwa kimya akichambua mchicha mlangoni, aliingia ndani akatoka na kamba ya katani ndogo imetungwa senti za zamani, zile za shaba zenye tundu katikati. Nilizishika. Zimeandikwa Afrika ya Mashariki kwa Kiingereza, zimesuguliwa mpaka mwaka hausomeki kwenye baadhi yake, na kamba yenyewe imekuwa nyeusi kwa moshi.

Babu alizitazama kwa muda.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Si ndani."

"Ndani wapi? Mimi sikuwa na senti za kamba ndani."

Bibi akarudi kwenye mchicha wake. "Jiko lile la nani?" akauliza, bila kuinua uso.

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza, jiko lile lilikuwa la nani? Figa napika mimi. Majivu nazoa mimi. Mtu ananing'olea figa langu usiku, analirudisha limepinda, asubuhi sufuria inayumba, uji unamwagika. Halafu anadhani sijui."

Kina mama wa vigoda walipiga vigelegele. Sina neno jingine la kueleza kelele ile. Mwizi wetu wa bodaboda alikaa chini kabisa kwa kicheko. Babu alisimama na jembe lake, kinywa wazi, na nina hakika kabisa hakuwa anaigiza.

"Ulikuwa unachukua?"

"Nilikuwa nachukua ya chumvi. Na ya mafuta ya taa. Wewe ulikuwa unatuficha sisi, hukuwa unawaficha wezi. Wezi wenyewe mlikuwa mnakunywa nao tembo."

"Mwaka gani?"

"Yote."

Mjomba alitaka tuendelee na filamu. Nikamwambia filamu ndiyo hii. Nikawaomba bibi na babu waifanye tena kwa mpangilio: babu anafukia usiku, bibi asubuhi anaiona sufuria inayumba, anainua figa, anatungua senti mbili tatu, anarudisha figa na kulinyoosha vizuri kuliko lilivyokuwa. Bibi hakuhitaji maelekezo. Alipolinyoosha lile figa alilisogeza kidogo kwa ncha ya mguu, kisha akaweka kiganja juu ya sufuria kupima kama imetulia, na mkono wake mwingine tayari umeshazifunga senti kwenye pindo la kanga. Mara moja tu, imetoka. Katika yote niliyopiga siku ile, zile sekunde ndizo ninazozipenda mpaka leo. Mwizi alilalamika kwamba sasa hana kazi, tukampa achungulie dirishani chini ya kitanda na asikute kitu.

Babu alicheza sehemu yake yote kwa hasira ya kweli. Kila nikisimamisha kamera anageuka kwa mkewe anamuuliza swali jipya. Na ile baiskeli? Ile ambayo fedha yake haikutimia? Bibi anamjibu kwamba baiskeli ingempeleka kwenye tembo haraka zaidi.

London nilipeleka vyote viwili bila maelezo ya msimulizi: kwanza hadithi ya kitabu, mwerevu na mjinga, dakika chache, kisha malumbano ya jikoni kama yalivyotokea, na tafsiri chini ya picha. Mhadhiri wangu alitaka nieleze kwa maandishi ni ipi kati ya hizo mbili inayofufua filamu iliyopotea. Nikaandika kwamba ya kwanza inafufua filamu, ya pili inafufua watazamaji wake, wale waliokaa gizani mbele ya lori bila kuulizwa. Sikuwa na uhakika kwamba atalikubali jibu hilo. Aliandika pembeni, "kwa nini hukuanza na ya pili?" na swali hilo naona lilikuwa la haki, ingawa bado ningeanza na ile ya kwanza. Bila mwerevu wa Posta, bibi hana wa kumjibu.

Siku ya kuonyeshana darasani, wanafunzi hawakuuliza habari za Notcutt, wala za Vugiri, ambayo niliiandalia ramani nzuri. Walitaka kujua jambo moja tu: kwa miaka yote ile, bibi alichukua kiasi gani? Jioni nikampigia mjomba akaulize. Alinirudia baada ya saa nzima, bado anacheka. Babu naye alikuwa ameuliza swali hilohilo kila siku tangu niondoke, na jibu la bibi halikubadilika: hesabu hiyo ataitoa mbele ya Mungu, hataitoa mbele ya Muha wala mbele ya Wazungu wa mjukuu wake.