Poros, Hydra, Nafplio: safari iliyonikutanisha na Miaoulis

Nimekulia Tanga mtaa ambao kila nyumba ina mtu wa baharini, baba alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo la Pemba na Unguja, ila sisi watoto wa kike jahazini tulikuwa abiria tu, usukani hatuugusi. Kwa hiyo mwenzangu mmoja wa kazini hapa Ujerumani alipokodi boti ya tanga kule Ugiriki akaniambia kuna nafasi ya mtu mmoja, sikuuliza hata bei.

Tukalala Poros kwanza. Mlango wa bahari mwembamba, kisiwa huku, bara kule na miti ya malimau mlimani, maji yametulia kabisa. Tukatia nanga, tukala samaki, tukalala. Niliona maji tu pale, basi.

Kisiwa cha Hydra ndo kikanishika. Magari hayaruhusiwi, mizigo inabebwa na punda na nyumbu kama Lamu, na bandari yenyewe ni ndogo hivo boti zinajazana mpaka basi, unatupa nanga mbali halafu unarudi kinyumenyume mpaka tezi, yaani nyuma ya boti, ikaribie gati ufunge kamba, sasa nanga ya kila mtu imelala juu ya mnyororo wa mwenzie, asubuhi mmoja aking'oa yake inapanda na minyororo ya watu wawili watatu, ni kelele kwa lugha zote. Nilikuwa omo, mbele kabisa ya boti, mnyororo mkononi, nimelowa, na nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza.

Juu ya bandari kuna majumba makubwa ya mawe ya manahodha wa zamani. Kisiwa kikavu kile, mashamba hakuna, walichokuwa nacho ni meli. Wakati wa vita vya Napoleon walipitisha nafaka katikati ya vizuizi vya manowari za Waingereza wakatajirika sana, halafu mwaka 1821 Wagiriki walipowainukia Waturuki meli zile zile za biashara zikafungwa mizinga zikaenda vitani. Mkuu wao alikuwa Andreas Miaoulis, na kwenye makumbusho ya pale karibu na gati umehifadhiwa moyo wake, moyo wenyewe yaani! Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikamfikiria baba na manahodha wenzie ambao hata majina yao hayajaandikwa popote.

Mama mmoja mtu mzima, msimamizi pale, akaniuliza tumetokea wapi. Nikamwambia Poros. Akaniangalia akasema huko ndiko Miaoulis alikochoma meli.

Ikabidi anielezee. Uhuru ulipokaribia mtawala wa kwanza alikuwa Ioannis Kapodistrias, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Urusi, akaingia nchini 1828. Watu wa Hydra walikuwa wamemaliza mali zao vitani wakataka walipwe fidia, wakataka na katiba, yeye alitaka madaraka yote yakae mkononi mwake. Ugomvi ukakua mpaka Miaoulis akaenda Poros akazikamata meli za serikali, na Agosti 1831 meli za Warusi zilizokuwa upande wa mtawala zilipombana, akailipua Hellas, manowari kubwa iliyojengwa New York kwa hela za mkopo za taifa maskini, na nyingine ndogo iliyobeba jina la kisiwa chake mwenyewe, Hydra. Kwenye maji yale yale ambayo sisi tulikula samaki tukalala!

Kutoka hapo sikutaka ufukwe wala maduka, nilitaka mji wa Nafplio tu, alikouawa Kapodistrias. Mchana upepo wa kusini unaingia kwenye ghuba ukatusukuma vizuri, tukapita Bourtzi, ngome ndogo ya Wavenisi iliyokaa katikati ya maji, nikashuka moja kwa moja kutafuta kanisa la Agios Spyridon. Kanisa dogo, kichochoro cha ngazi. Hapo tarehe 9 Oktoba 1831, hata miezi miwili haijaisha tangu meli zichomwe, Kapodistrias alikuwa anaingia kusali akauawa na watu wawili wa ukoo wa Mavromichalis, mmoja ndugu wa mzee wao aliyekuwa amefungwa na Kapodistrias, mwingine mtoto wake. Pembeni ya mlango kuna alama ukutani wanasema ni ya risasi, imefunikwa kioo.

Jioni botini tulibishana sana. Mwenzangu alisema Miaoulis alifanya sawa, zile meli zingetumwa kwenda kuwapiga watu wake. Hilo nalielewa. Ila mi nimeona baba alivyokaa wiki nzima kimya jahazi la jirani lilipovunjika kwenye mwamba, na halikuwa hata la kwake, kwa hiyo kwa nahodha kulipua kwa mkono wake meli mbili ambazo watu walizilipia kwa jasho, na nchi haina nyingine za maana, mi namlaumu, na nilimwambia hivo, na mpaka leo nasema hivo.