Bibi wa Karonga

Wamisionari wa Moravian walifika kwetu Rungwe mwaka 1891. Zamu yangu ilipofika, nilishuka kwenye Coaster pale Kasumulu, nikavuka daraja la Songwe kwa miguu kwenda kuhubiri Karonga, Malawi. Kinyakyusa changu walikielewa. Kilichonishinda ni joto, mimi mtoto wa Tukuyu niliyekulia kwenye mvua na sweta.

Bibi niliyepangiwa kwake sikumpenda. Alinikosoa kila kitu, hata namna ya kuosha dagaa. Nilimwombea, ila (niseme ukweli) kwa hasira.

Nikaugua malaria. Usiku wa pili nikazinduka, nikamkuta ameketi sakafuni, kitambaa kibichi mkononi, ananibembeleza kwa maneno ya mama yangu. Asubuhi akanigombeza kwa kubakiza uji.

Nikaumaliza.