Kibao cha Widnes

Jana stesheni ya Widnes, Uingereza, treni ya saa mbili usiku ilifutwa. Ya saa tatu nayo ikafutwa, tangazo likituomba radhi kwa sauti ile ile ya mashine. Tiketi karibu pauni saba. Pauni saba! Pigeni hesabu wenyewe, kisha mniambie ukiwa Tanga nauli hiyo inakushusha wapi.

Widnes ni mji mdogo wa viwanda vya kemikali, kati ya Liverpool na Manchester. Nilikuwa natoka kwa mzee wa nne siku hiyo, kumwogesha na kumlisha, na muda wa kutoka nyumba moja hadi nyingine mwajiri wangu halipi. Na nyie mnaonitumia meseji mkitaka kuja kufanya kazi hii: tangu Julai 2025 Uingereza imefunga viza za kazi ya ulezi kwa walio nje. Anayekwambia bado anakutafutia, anakula hela yako.

Babu mmoja akanisogelea na chupa yake ya chai. Hapa watu hawasemeshani stesheni, nikajua ana lake. Akanimiminia kwenye kifuniko: maziwa tele, sukari hamna, tangawizi usiulize. Kisha akaniambia habari za kibao cha ukumbusho walichoweka pale stesheni, kwa ajili ya mwanamuziki Paul Simon na wimbo wake "Homeward Bound", yaani naelekea nyumbani, ambao wanasema aliutungia pale. Kibao kimepewa kibao, nikacheka peke yangu.

Jina la Simon nalijua kwa albamu yake ya Graceland ya 1986, alipoimba na Ladysmith Black Mambazo, kwaya ya Afrika Kusini. Mjomba alikuwa na kaseti, marufuku kuigusa. Kumbe mwaka 1965 Simon, hajafikisha hata miaka 25, alikuwa anazunguka miji hii na gita lake, klabu hadi klabu, mpenzi wake amebaki kusini. Wapo wanaobisha kuwa stesheni yenyewe ilikuwa Ditton, jirani hapo, ambayo sasa imefungwa. Waendelee kubishana. Mwaka 1966 Simon na mwenzake wa kuimba, Art Garfunkel, wakautoa wimbo ukiwa na ngoma na magita ya umeme, ukapanda hadi nambari 5 kwenye chati ya Marekani.

Nimeusikiliza mara nne pale pale kwenye benchi. Dakika mbili na nusu tu. Mtu kakaa stesheni, ana tiketi, begi na gita, na kila mji anaouona ni ule ule. Basi. Ila hataji hata mara moja nyumbani ni wapi! Kijana wa New York, kwao ng'ambo ya bahari, roho iko kusini mwa Uingereza. Angeutaja mji, sisi wa Tanga tungeingilia wapi? Babu naye, mzaliwa wa Widnes, hajawahi kuhama, macho yalimlenga machozi. Sikumuuliza anatamani kurudi wapi.

Mama akapiga simu, kwao imeshapita saa sita usiku.

"Umefika nyumbani, mwanangu?"

"Bado, mama. Treni hakuna."

"Sasa hiyo Ulaya haina hata bodaboda?"